Bibi Harusi wa Upanga

Siwa haikulia.
Naanza na hilo, maana kwetu Mkomani
harusi isiyo na siwa ni kama mtu asiye na nasaba,
na nasaba ndiyo iliyokuwa kesi.

Bwana Famau, wa nyumba ya enzi,
aliketi kifalme ukumbini mwake Lamu
ingawa kiti chenyewe kilibaki Pate
na aliyekikalia hakumletea hata salamu.
Binti yake Somoe, mama wa bibi yangu,
alimtaka Raisinhi, mwana wa tatu
wa mtawala mdogo wa Kachi,
aliyeshuka hapa na farasi mmoja.
Farasi akafa. Akabaki yeye.

Mji ukamwita Banyani.
"Mimi si Banyani. Sisi watu wa upanga,
nyama tunakula."
Mji ukasema: haya, Banyani anayekula nyama.

Alitamka shahada mbele ya kadhi
kwa ulimi wa mtu anayevuka mto juu ya mawe.
Bwana Famau akatikisa kichwa:
Dini ameipata, kufu hajaipata.
Wazee wake wangapi wamelazwa kuelekea kibla?
Hata mmoja. Wote wamechomwa.
Nimwoze binti yangu kwa majivu?

Mamake hakusema neno.
Alifungua kasha, akahesabu leso za harusi,
akalifunga, akampa bintiye ufunguo.

Siku arubaini Somoe hakula mbele ya babake.
Ya arubaini na moja akamwakilisha kadhi
kama anayelipa deni kwa mkono wa kushoto.
Siwa, hapana.

Mwezi wa saba ikaja barua ya Kachi:
Usihangaike kurudi. Tumekwisha kukuoza.
Ukoo ni unaofaa. Wewe ulikuwa mbali,
tukaupeleka upanga wako,
ukazungushwa moto pamoja naye.

"Ana miaka mingapi?" Somoe aliuliza.
Barua haikusema.
"Jina lake?"
Barua ililitaja jina la upanga.

Wanawake wa mtaa walicheka hadi wakashika mbavu:
ukewenza na chuma!
Yeye hakucheka. Kila Idi
alikata kanzu mbili, moja akaikunja.

Usiku mmoja kwa mwaka
mume wake aliwasha taa ya samli kidakani.
Somoe hakumuuliza anamwashia nani.
Alikwenda kufunga dirisha, upepo usiizime.
Masizi yapo hadi leo. Wapaka chokaa
nawaambia warukie hapo.

Alikufa kwa homa, akazikwa kuelekea kibla,
wa kwanza katika ukoo wake.
Eda ilipokwisha, Somoe alitunga,
karani wa forodhani akageuza kwa Kigujarati:

*Silijui jina lako,*
*wala nyumba uliyoko;*
*mume wangu, mume wako,*
*Mola amejitwalia.*

*Nimekaa eda yangu,*
*nyeupe ni nguo zangu;*
*nawe, ndugu wa uchungu,*
*haki yako kusikia.*

Mwaka ukapita, na nusu yake.
Kikaja kifurushi cha kitambaa chekundu.
Bangili za pembe, zimevunjwa,
vipande kumi na tisa.
Pembe ya huku: ilitoka bara,
ikapita forodha hii hii, ikalipiwa ushuru,
ikaenda kuvikwa mkono wa msichana,
ikarudi bila mkono.
Hakukuwa na barua. Hata jina.

Somoe alivipanga kidakani, kwenye masizi.
Siwa ya Pate nayo ni pembe; sijui kama aliwaza hilo.
Mimi niliwaza. Nikiwa mtoto
nilitia kipande kimoja mdomoni nikapuliza
kwa nguvu zangu zote, ili ilie
kwa ajili yao wote wawili, ingawa imechelewa.

Ilitoka pumzi tu,
na ladha ya vumbi la nyumba nisiyoijua.